Baba wa Miaka Minane

Juzi nilikuwa kwenye benchi la hospitali moja hapa Nyeri nikingoja kuitwa. Kando yangu, mama mmoja aliyetoka Kutus alimwambia mwanawe wa miaka minane, "Baba, vaa sweta." Kwetu hilo si ajabu. Mtoto alipewa jina la babake huyo mama, kwa hivyo ni babake.

Daktari alitoka, akamtazama mtoto, akamwinamia mama. "Kuja kando tuongee kidogo. Ni ile dawa ya majaribio ya saratani."

Mama hakuinuka. "Daktari, ati nimuongelee baba yangu kando na yeye ako hapa? Mwambie mwenyewe."

Daktari alichuchumaa mbele ya mtoto. Alimweleza polepole kwamba dawa hiyo bado inajaribiwa, na hakuna anayejua kama itamponya.

Mtoto alimaliza kwanza kufunga vifungo vya sweta. "Na hii uchungu ya mguu?"

"Hiyo si ya kujaribu. Dawa yake tuko nayo. Utapata leo, na utaendelea kupata hata kama ile ingine itakataa."

"Basi anza na hiyo."

Mama alimpangusa mtoto kidevu, ingawa hakikuwa na kitu. "Umemsikia baba," akamwambia daktari.

Sisi huwapa watoto majina ya wazee wetu, kisha likija neno zito tunawatuma nje wakacheze. Siku hiyo aliyetumwa ni daktari, akalete dawa ya uchungu, na alienda mbio.