Unga wa Jiwe Jeusi

Ninaandika niliyoyaona kwa macho yangu na niliyoyasikia kwa daktari mwenyewe, akiwa amesimama mbele ya kitanda changu. Yaliyosemwa njiani nitayataja pia, lakini nitasema wazi kwamba yalisemwa njiani. Wengi wenu mtakaosoma maneno haya mko kambini, au mmehifadhiwa katika nyumba za watu, na mnakula mnachopewa. Kwa ajili yenu nimekubali kukumbuka mambo ambayo ningependa yalale.

Kabla ya vita nilikuwa mwalimu wa kemia na biolojia katika shule ya sekondari. Kwetu ni Nyamitaba, katika milima ya Masisi, na ukoo wetu umelima vilima vile tangu kabla ya barabara kufika. Tulikula maharage kila siku, kwa viazi au kwa ugali wa mahindi. Maziwa tulipata kwa wafugaji wa Kirolirwe, ambao tulibadilishana nao mavuno. Muhogo tuliujua kidogo, tena ule mtamu tu: unauchimba asubuhi, unaumenya, unauchemsha, na mchana watoto wameshiba. Hatukuwahi kuuogopa.

Mdogo wangu, Bauma, hakupenda shule. Alikuwa na mabega mapana na mdomo usiotulia, na mimi aliniita Profesa, kwa heshima nusu na kwa dhihaka nusu. Nyumba zetu zilipochomwa, yeye ndiye aliyembeba mama yetu mgongoni hadi mama alipofia njiani. Tukaendelea kushuka magharibi, mimi na mke wangu, Bauma na mke wake na watoto wao, mpaka tukafika Walikale, katika msitu. Karibu na machimbo ya Omate mjane mmoja, Mama Feza, alitupa chumba cha nyuma cha nyumba yake. Bauma akaingia mashimoni kuchimba dhahabu. Mimi nilikata kuni, kwa kuwa hapakuwa na shule.

Chakula cha kule ni muhogo mchungu. Wenyeji huuloweka mtoni mpaka ulegee kabisa, kisha huuanika, huutwanga na kusonga fufu. Mama Feza alituonya siku ya kwanza.

"Papa, ule muhogo muache mu maji mpaka inakuwa laini kama mukate. Musikuwe na haraka."

Haraka ilitoka kwingine. Watu wenye silaha walikuwa wakipita mtoni na kuchukua chochote kilicholowekwa. Kwa hiyo kila familia ilianza kuutoa muhogo mapema, na sisi wa milimani tuliutoa mapema kuliko wote, kwani kwetu kiazi kikitoka ardhini huenda chunguni. Tuliuloweka usiku mmoja, tukaukausha juu ya moto, tukausaga. Unga wake ulikuwa na uchungu. Baada ya kula, kichwa kilizunguka na mara nyingine tulitapika, nasi tukasema ni malaria. Wenyeji walikuwa na samaki, nyama ya msituni na sombe, yaani majani ya muhogo, kwa mawese. Sisi tulikula fufu na chumvi. Maharage yaliyoshushwa hadi kule kutoka Masisi, kutoka mashamba kama yale tuliyoyakimbia, yaliuzwa kwa wenye dhahabu.

Asubuhi moja niliamka na kushindwa kusimama. Hapakuwa na homa. Hapakuwa na maumivu. Miguu ilikuwa imekaza kama miti, magoti yamebanana, visigino vimenyanyuka na vidole vinaelekea chini. Mke wangu aliponishika mguu, nilimhisi vizuri. Ngozi ilikuwa hai, lakini msuli haukunisikiliza. Sikuweza kuchuchumaa chooni. Siku zile za kwanza nilijichafua, na mke wangu aliniosha. Haukupita muda Bauma alianguka njiani akitoka shimoni, naye akaletwa kwa machela ya miti na blanketi.

Majirani waliketi na kutoa hukumu: karuho, yaani sumu ya kulishwa. Walimtaja Mama Feza, kwa sababu alikuwa mjane na tulilala kwake. Bauma aliamini.

"Yeye njo anatupa moto, yeye njo anatupa chumvi," alisema.

"Ulimwona akitia kitu?"

"Profesa, sumu haionekane!"

"Basi na wewe hukuiona. Nyamaza."

Niliwaambia wale vijana waliokuja na fimbo kwamba mimi ndiye mgonjwa na simshtaki mtu. Niliwaomba wahesabu nyumba zenye miguu iliyokaza. Zote zilikuwa za wageni kutoka milimani, na wengi wao hawakuwahi kuingia kwa Mama Feza. Waliondoka kwa manung'uniko. Nilijua kwamba chanzo kilikuwa katika maisha yetu sisi wageni, ingawa sikujua bado ni kipi.

Mtu aliyetutoa pale ni Papa Kasereka, mfanyabiashara wa Butembo, Mkatoliki wa kila Jumapili, aliyekuwa na duka la sabuni na chumvi karibu na machimbo. Alitupeleka hospitalini kwa pikipiki yake, mmoja baada ya mwingine, tukiwa tumefungwa kiunoni kwake kwa kitenge.

Daktari alikuwa kijana mtulivu. Alinigonga chini ya goti kwa nyundo ndogo, mguu ukaruka. Alinisukuma unyayo juu, ukaanza kutetemeka wenyewe bila kukoma. Aliuliza tulikula nini, tuliuandaa vipi, na pamoja na nini. Kisha akasema ugonjwa huu unaitwa konzo, jina lililotoka magharibi ya nchi yetu, na kwamba unaletwa na sumu ya muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, kwa mtu asiyekula protini.

"Tutapona?" Bauma aliuliza.

"Mutapata nafuu. Kupona kabisa, siwezi kuwaahidi. Lakini mukirudia kula vile, itarudi, na itawamaliza."

Nilimshukuru kwa kutotudanganya. Bauma aligeukia ukuta. Alikuwa na watoto wanne, na mtu huchimba akiwa amesimama.

Daktari aliagiza tule maharage, sombe, dagaa, chochote chenye protini. Bauma akageuka tena.

"Munganga, mu maharagi muko dawa gani?"

"Muko protini, na mu protini muko salfa. Ile salfa njo inasaidia mwili kufukuza sumu. Tena muko madini kidogo kidogo: chuma, zinki, molibdeni."

"Molibdeni!" Bauma alilitamka kama mtu aliyeonja asali. "Hiyo si iko mu mawe? Kumbe nalala juu ya dawa kila siku na sijue!"

Wodi nzima ilicheka. Daktari naye alitabasamu, kisha akamwonya: "Papa, ile ya kuchimba si ya kukula."

Mimi nilitaka kuelewa, kwa sababu nilikuwa nimefundisha jina la elementi hiyo miaka mingi bila kujua kazi yake mwilini. Alinieleza kwa uangalifu. Mwili unapomaliza kutumia salfa, hubaki taka kali iitwayo salfaiti. Kuna kimeng'enya kinachoigeuza ili itoke kwa mkojo, na ndani ya kimeng'enya hicho hukaa molibdeni. Kuna watoto wachache mno wanaozaliwa wakiwa hawawezi kuitumia, na ubongo wao huharibika mapema. Lakini upungufu wake kwa sababu ya chakula karibu hauonekani kabisa, kwani kiasi cha siku moja hakizidi uzito wa punje ya chumvi, na maharage yanacho cha kutosha na ziada.

"Je, sisi tuliikosa?" nilimuuliza.

"Sijui, Mwalimu. Sina mashine ya kupima. Ninachojua ni muhogo na protini. Musiniwekee mengine mdomoni."

Hayo ndiyo maneno yake. Tuliporudi Omate, bado tukitambaa na kushikwa mkono, neno molibdeni lilikuwa limetutangulia. Watu walikuwa wakiuza unga mweusi, mzito, uliofungwa katika plastiki, na kuuita molibdeni ya miguu. Aliyeusaga sikumwona. Nilimwona aliyeununua.

"Kaka mukubwa, angalia," Bauma alisema, akifungua kifuko chake mbele yangu na mke wangu. "Njo ile."

"Ile nini?"

"Molibdeni. Munganga alisema, na wewe ulikuwa pale."

"Daktari alisema maharage. Nani amepima unga huu?"

"Kupima! Bote banakunywa. Kuko muzee mumoja wa kule chini, alikunywa, sasa anacheza mupira."

"Umemwona akicheza?"

"Banasema."

"Nimekuuliza kama umemwona."

"Wewe, hata Yesu akirudi utamuomba sertifika!"

Mke wangu alicheka hadi akaketi chini, na mimi pia nilicheka, nakiri. Kisha nilimweleza. Jiwe la molibdeni nililowahi kuonyeshwa chuoni lilikuwa laini, la kijivu, likipaka vidole kama kalamu ya risasi. Hili lililosagwa lilikuwa jeusi, na chembe zake ngumu. Lingeweza kuwa chochote, na mawe ya namna hiyo huweza kubeba aseniki au risasi. Hata kama lingekuwa molibdeni halisi, kijiko kimoja kingezidi mahitaji ya mwili mara maelfu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa sauti ndogo, bila mzaha: "Kaka, watoto wangu wananiona natambaa. Wewe unaweza kufundisha ukikaa. Miye nitafanya nini nikikaa?"

Nilichukua kifuko kile na kukimwaga chooni. Papa Kasereka alinipa mfuko wa maharage tuyagawane nyumba mbili, akamwambia Bauma: "Mimi pia waliniletea ule unga niuzishe. Nikawaambia, sabuni yangu haiyaisha, mawe nitauzisha siku ya kufilisika." Bauma alipokea maharage na kushukuru. Akanunua kifuko kingine na kuunywa unga wake kwa jirani, ambako sikuweza kumwona; aliniambia mwenyewe alipoanza kuugua.

Alianza kutapika kabla ya jua kutua. Tumbo lilimkata, akaharisha maji matupu, kisha mkojo ukakatika. Mate yalimjaa. "Kaka," aliniambia, "mu kinywa muko ladha ya musumari." Tulimfunga kwenye mgongo wa Papa Kasereka kama mara ya kwanza. Kwenye kizuizi cha barabarani wenye bunduki waliwasimamisha na kuwahoji muda mrefu, huku mgonjwa akilegea. Papa Kasereka alisikia uzito wa kichwa chake ukibadilika begani, akajua. Hawakufika hospitalini. Papa Kasereka alirudi kutusimulia na kutuchukua, tukamzika kando ya barabara, kwa kuwa kumrudisha kulikuwa na hatari.

Sisemi kwamba jiwe lilimuua. Hakuna aliyempima, na unga uliobaki ulipotea. Nasema alikunywa, na kwamba yaliyofuata niliyaona. Niliowafundisha darasani nidhamu hiyo ya kutodai kisichopimwa walikuwa watoto wa watu. Siku ile niliihitaji kwa ajili ya ndugu yangu, na ilikuwa nzito kuliko kilio.

Mazishini mtu mmoja alisema Bauma hakunywa kiasi cha kutosha. Mwingine alisema mimi nilikunywa kwa siri, nikamwaga chake asipone, na ndiyo maana nilikuwa nimeanza kusimama. Mjane wake alikaa nyuma yangu, akasikia yote. Aliondoka na watoto siku zilizofuata, na mpaka leo hajanisalimu.

Nafuu yangu ilikuja polepole, kwa njia isiyo na hadithi. Mke wangu na Mama Feza waliloweka muhogo ndani ya pipa nyuma ya nyumba, ambako wapita njia hawakuuona, na hawakuutoa mpaka ulegee. Maharage yalipikwa kila yalipopatikana, na sombe siku nyingine. Nilijifunza kusimama nikishika ukuta, kisha kwa magongo mawili, kisha kwa moja. Hapo nafuu iliishia. Natembea kwa ncha za vidole, magoti yakigusana, na watoto huniiga nyuma yangu. Kwa nini mke wangu, aliyekula chungu kile kile, hakupatwa, sijui, na sitabuni sababu.

Namshukuru Mungu aliyeniachia pumzi. Namshukuru mke wangu, aliyeniosha. Namshukuru Mama Feza, ambaye aliendelea kutupa moto baada ya kushtakiwa kwa sumu. Namshukuru Papa Kasereka kwa maharage na kwa mgongo wake, na daktari yule kwa kusema "sijui" pale ambapo hakujua.

Ninyi mnaokula muhogo mchungu: ulowekeni siku tatu au nne, mpaka uvunjike mkononi, kisha uanikeni juani ukauke kabisa. Mkionja uchungu, acheni, hata kama watoto wanalia. Tafuteni maharage, karanga, dagaa, sombe; hata kidogo ni bora kuliko chumvi tupu. Miguu ikitetemeka, nendeni hospitalini kabla ya kwenda kwa majirani. Madini ambayo mwili unayahitaji yamo katika chakula hicho, kwa kipimo ambacho hakuna kijiko kinachoweza kukipima.

Nasikia, na hili nimelisikia tu, kwamba unga ule ungali unauzwa, na kwamba anayeuuza husema kuna mwalimu wa Nyamitaba aliyesimama tena kwa sababu yake. Akija kwako, mwambie umesoma maandishi ya mwalimu huyo. Sikuunywa. Aliyeunywa ni mdogo wangu, na kaburi lake liko kando ya barabara.