Kiti Changu Mnadani

Mtaalamu wa mazoezi pale Mbeya aliniambia ukweli siku ya kwanza, huku akinifunga mikanda kiunoni. "Dada, ugonjwa huu wa misuli hauondoki. Roboti hii haitakurudishia miguu. Tunataka tu nguvu uliyobaki nayo isiishe haraka." Nikamwambia nimeelewa. Nilielewa kweli, na nilichukia kuelewa.

Mashine yenyewe ilikuwa miguu miwili ya chuma iliyofungwa kwenye yangu, ina mota nyongani na magotini, na juu kuna mikanda ya kunizuia nisianguke. Nikiegemea mbele, inanipigisha hatua. Baada ya miaka minne ya kiti mwendo, nilitazamana na watu bila kuinua shingo. Nililia, wala sioni aibu. Kila nilipofunguliwa nilirudi kuwa gunia la viazi, nikabebwa hadi kwenye kiti cha kliniki.

Kosa lilianzia kwa dada yangu wa Mwanjelwa, hapo hapo Mbeya, niliyekuwa nimefikia kwake. Alinirekodi nikitembea, akakata mwanzo na mwisho, akatuma kwenye kundi la familia: "Mungu ni mwema!" Nikamwambia aeleze kuwa ni mashine. Akanijibu, "Kwani hawaioni?" Hawakuiona. Mama, kule nyumbani Mlandege, Iringa, aliona miguu ya mwanawe inatembea, basi.

Wiki sita zilipoisha nilirudi Iringa. Kaka alinibeba kutoka kwenye teksi hadi ndani, nikauliza kiti changu kiko wapi. Nilikuwa nimekiacha nyumbani kwa sababu kliniki walikuwa na cha kwao. Mama aliitazama miguu yangu. Kaka ndiye aliyesema: mama alikitoa sadaka ya shukrani. Usharikani kwetu, mahindi, kuku na chochote kinachotolewa hunadiwa nje ya kanisa baada ya ibada. Kiti changu kilinadiwa kati ya jogoo na mkungu wa ndizi.

"Mama, hata kuniuliza?"

"Nilikuona unatembea, mwanangu. Ningemwambia nini Mungu, kwamba asubiri kwanza nikuulize?"

Nilifoka. Nilisema maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Jumatatu shule zilikuwa zinafunguliwa, wanafunzi wangu wa darasa la tatu wananisubiri, na bila kiti nisingefika hata getini. Mwalimu mkuu alikuwa ameshaniuliza mara mbili kama sitaki kupumzika. Mama alisikiliza yote akiwa kwenye kigoda, kisha akainuka kwenda kunipashia maji ya kuoga. Hilo lilinikasirisha zaidi.

Jumapili kaka alinibeba hadi kwenye benchi la nyuma kanisani. Watu walikuja kunipongeza, wakaona nilivyobebwa, wakanipongeza hivyo hivyo. Ibada ilipoisha, kiti changu kikaja. Amekikalia bibi mmoja wa mtaa wa juu, anasukumwa na mkwewe. Alinishika mikono yote miwili, akanisalimu kwa Kihehe.

"Kamwene, mwanangu. Kwa kupona kwako, na mimi nimetoka ndani. Sikuwa nimefika kanisani tangu mwaka juzi."

Mtu mwema angesema amina. Mimi nilisema, "Bibi, sijapona. Naomba kiti changu."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo, "sijapona," mbele ya watu. Mama aliinamisha kichwa. Bibi aliitazama miguu yangu kama mama alivyoitazama, kisha akamwambia mkwewe, "Nishushe."

Tukabadilishana pale pale, yeye benchini, mimi kitini. Kiti kilikuwa bado na joto lake. Mama akanisukuma kuelekea mlangoni, na nyuma yetu nikamsikia bibi akimuuliza mkwewe watarudije nyumbani.