Usingizi wa Mama Baada ya Mionzi

Kwetu Ufipa majani ya shamba hayatupwi. Mvua zikikaribia kwisha tunayafyeka, tunayarundika mafungu mafungu na kuyafunika kwa udongo mpaka yawe matuta ya mviringo, ntumba kama tunavyoyaita. Juu yake mama alipanda maharage. Chini, majani yalioza taratibu, na msimu uliofuata tuta lilisambazwa, ulezi ukaoteshwa kwenye udongo uliokwisha kunona. Kazi hiyo yote ilifanyika ndani, bila mtu kuiona, na hilo ndilo lililonishinda nilipokuwa mtoto.

Nilikuwa nafukua. Mama akigeuka tu, mkono wangu uko tutani, nikitaka kujua majani yamefikia wapi. Siku moja nilibomoa matuta saba pamoja na maharage yake. Nilichapwa mbele ya shangazi zangu, nao wakacheka mpaka wakakaa chini.

"Tuta halifukuliwi!" mama alifoka. "Ukilifunika, liache lifanye kazi yake."

Mama mwenyewe hakuwa mtu wa kulala. Hata mwezi wa sita, baridi ya Sumbawanga inapong'ata masikio, alikuwa wa kwanza kuwasha moto. Alisema anayelala mchana anaita njaa nyumbani. Natamani sana zile asubuhi, moshi machoni, uji wa ulezi mkononi, na mama akitusimanga wote kwa uvivu kabla jua halijatoka.

Ndiyo maana nilipomrudisha kutoka Dar es Salaam usingizi wake uliniogopesha kuliko ugonjwa. Alikuwa na uvimbe ubongoni, na wiki kadhaa alipigwa mionzi kichwani. Kila siku walimlaza, wakamfunika uso kwa kinyago cha plastiki chenye matundu, kilichofinyangwa kwa sura yake ili kichwa kisicheze. Tiba ilipokwisha aliomba apewe kinyago hicho, akarudi nacho kwenye basi. Alidhani kitafaa kuchekechea ulezi. Tulipofika kwangu mjini alikijaribu, ulezi wote ukapita, akasema, "Watu wamesoma vile, halafu wanatengeneza chekecheo la hovyo." Nilicheka siku hiyo. Nikajiambia mama yangu bado yupo.

Kisha akaanza kulala. Asubuhi analala, mchana analala, na akiamka anatafuta maneno kama mtu anayetafuta funguo. Mara aliniita kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na mwalimu akiingiwa na hofu hutoa jaribio. Nilimtikisa bega. "Mama, mimi nani? Leo siku gani? Taja watoto wako." Akijibu, nafurahi kwa dakika kumi, halafu naanza kuogopa upya. Wanajumuiya wakija kusali, nilimwamsha pia, maana mgonjwa asipoitikia salamu za wageni, watu wataanza kunong'ona. Alikaa kitandani macho mekundu, anaitikia shikamoo za watu asiowakumbuka.

Tulipompeleka kliniki nilimshitaki kwa daktari, kijana mpole mwenye lafudhi ya Mbeya.

"Dokta, mama analala mno. Mimi namwamsha kila saa ili akili isife."

Aliweka kalamu chini, akanigeukia mimi. "Kila saa, mama?"

Akanieleza kwamba ubongo nao una takataka zake. Ukifanya kazi unaacha mabaki, na yapo maji yanayopita kandokando ya mishipa ya damu, yakiyazoa na kuyatoa nje. Inaonekana kazi hiyo hushika kasi mtu akiwa usingizini. Mionzi inaua uvimbe, lakini inaweza kuumiza hata mishipa midogo iliyo salama, na wataalamu bado wanachunguza kama huko kujisafisha nako kunavurugika, na kama ndiko chanzo cha usahaulifu wa wagonjwa kama mama.

"Kwa hiyo akilala atapona?" nikauliza.

"Siwezi kukuahidi hilo. Uchovu baada ya mionzi ni kawaida. Akishindwa kuamka kabisa, akitapika au kichwa kikimuuma sana, mlete haraka. Lakini huko kumwamsha ili umpime, acha."

Nilitoka pale nimevimba kwa hasira, na hasira yote ilikuwa juu yangu mwenyewe. Utu uzima wote huu, na bado nilikuwa nafukua tuta kuona majani yameoza vipi. Safari hii tuta lilikuwa kichwa cha mama.

Nikatundika pazia zito dirishani. Wanajumuiya niliwapa viti barazani, wakasali kwa sauti ya chini, na walionong'ona niliwaacha wanong'one. Kitu kigumu kilikuwa kukaa karibu naye bila kuuliza. Nilimpenda, niliogopa kwamba hanijui tena, na sikuwa na ruhusa ya kuhakikisha.

Wiki ya pili, alasiri moja, nilikuwa nachambua maharage karibu na kitanda chake alipofungua macho mwenyewe. Alinitazama. Nilijiandaa kuitwa kwa jina la marehemu dada yake, nikaapa moyoni kwamba nitaitika.

"Wewe," alisema polepole, "si ndiye yule mfukua matuta?"

Maharage yalinimwagika kutoka mapajani.

"Ndiye, mama."

"Umeacha?"

"Nimeacha."

Akaguna kidogo, akageukia ukutani, akalala. Nilivuta blanketi nikamfunika mabega, nikaanza kuokota maharage sakafuni, moja moja, nisimwamshe.