Mama Filister na Kitanda cha Mkwe

Liz amenitandikia kitanda. Ametoa shuka mpya, amefunga chandarua vizuri, na mlango wa chumba ameuacha wazi ili nikione. Mimi nimekaa sebuleni na bandeji jichoni, viatu miguuni, nakitazama kitanda hicho kama mtu anayetazama mbwa asiyemjua. Leo nimetolewa mtoto wa jicho hapa Homa Bay, na kesho asubuhi daktari anataka kunifungua bandeji. Kwangu ni Migori. Mtu mwenye akili zake angelala hapa. Lakini Liz ni binti yangu, hapa ni kwa mumewe Levis, na kwetu Wajaluo mama halali kwa binti aliyeolewa.

Mila hiyo naijua kuliko ninavyotaka. Ilimzungushia mama yangu ukuta mpaka akafia humo.

Mama aliitwa Filister. Alizaliwa Kosele, kwenye watu wa viazi vitamu, na alipoolewa Magunga alifika na begi la nguo na mzigo wa marando ya viazi kichwani. Wakwe walicheka. Mwaka uliofuata waliocheka walikuja na magunia. Shamba lake lilikuwa karibu na mbuga ya Ruma, na nyati walikuwa wakivuka kuja kula majani yake. Mama alitoka akipiga sufuria kwa mwiko, akiwatukana kwa Dholuo, kwamba wao wanatunzwa na serikali na bado hawaoni haya kuja kumla mjane. Baba alikufa mapema akamwachia mabinti watupu. Watu wakimpa pole kwa kukosa mvulana, alikuwa akiuliza kama viazi vyao huwa vinachungulia kuona aliyeshika jembe ni nani. Nayasema haya usije ukadhani alikuwa mtu wa kuogopaogopa.

Lakini akija kwangu Migori, alikalia kiti cha karibu na mlango. Mume wangu Chrispine akiingia, alimsalimia kwa mbali kisha akatafuta kazi ya kufanya nje, maana mkwe na mama mkwe hawali pamoja. Jua likianza kuinama, mama aliniita.

"Nyathina, niitie boda."

Nyathina ni mwanangu. Mvua inyeshe, barabara ikatike, neno lilikuwa hilo hilo.

Kisha figo zake zikachoka. Kila wiki ilibidi asafishwe damu Migori, na tena, na tena. Kutoka kwangu hadi hospitali ni mwendo wa kutembea. Kutoka Magunga ni safari ya kumkausha hata mzima. Alikuwa akifika kwake amekuwa rangi ya majivu, na kabla hajapata nguvu ya kusimama, siku ya kurudi imefika. Nilimbembeleza alale kwangu. Chrispine, ambaye kwa miaka yote hakuwahi kumtazama usoni, alikuja akasimama mbele yake.

"Mama, hii nyumba ni ya kukodi. Boma yetu iko kijijini, na mila iko huko. Hapa ni mjini tu. Lala."

"Asante, mwanangu," mama akasema. "Lakini kitanda chako ni kitanda chako hata ukikiweka sokoni."

Nilikasirika. Nilimuuliza ni Mungu gani huyo wa Jumapili anayeshindwa na godoro. Hakunijibu kwa hasira.

"Dada yangu alilala kwa binti yake mara moja tu, mvua ilimzuia," alisema. "Baadaye mtoto wa huyo binti akashikwa na surua, akafa. Wakasema ni chira, kwamba nyanya ameleta laana. Binti akarudishwa kwao na sufuria zake. Mimi sijui kama chira iko. Lakini watu wako."

Basi tukamkodia chumba kwa Phanice, jirani Mkisii mwenye ploti. Ukuta wake ndio ukuta wa jiko letu. Asubuhi mama aligonga kwa kijiko, mimi nikajibu kwa mwiko, maana yake ameamka na chai inakuja. Mwanzoni nililala naye, akanifukuza, akisema mke wa mtu halali nje. Shule zikifungwa Liz alilala huko, maana mjukuu na nyanya hawana shida, nao walicheka mpaka nikawagongea ukuta wanyamaze. Niliuchukia ukuta ule. Mama yangu mgonjwa alikuwa umbali wa tofali moja, na nilikuwa sina njia ya kumfikia ila kwa kuzunguka hadi barabarani.

Asubuhi moja, Liz akiwa bwenini, nilibandika chai nikangoja. Nikagonga kwa mwiko. Nikagonga kwa kiganja. Phanice akafungua kwa ufunguo wake. Mama alikuwa amelala akielekea ukutani, na kijiko kilikuwa sakafuni. Sijui kama kilianguka kabla hajagonga au baada. Mimi nilikuwa nimelala fofofo chumbani, mbali na jiko.

Tukamzika Magunga. Wazee wakasimama mmoja mmoja kumsifu jinsi alivyoshika mila, na nilitamani kumrushia mmoja wao kiti. Kando ya kaburi nikaapa kwamba mimi nitalala kwa binti yangu mpaka anichoke.

Sasa nimekaa hapa. Liz ana mimba kubwa, tumbo linamtangulia mlangoni. Mchana mama mkwe wake alipiga simu kunipa pole ya jicho. Alikuwa na adabu zote. Mwishoni akauliza kwa upole, "Na utarudi leo?"

Tangu hapo sauti hiyo haijanitoka. Sijui kama chira iko. Lakini watu wako, na mtoto bado hajazaliwa.

"Liz," nimesema, "nyathina, niitie boda."

Amesimama na taulo mkononi. Neno hilo analijua lilikotoka.

"Boda ya wapi na hilo jicho, mama?"

"Basi muulize jirani kama ana chumba."

Ameshuka taratibu akaketi sakafuni mbele yangu, tumbo limeegemea goti langu, akaanza kufungua kiatu changu.

"Mama, wakinirudisha na sufuria zangu, nitaenda wapi?"

"Kwangu."

"Na utanipa pa kulala?"

"Unauliza nini wewe? Kwangu ni kwako."

"Basi wanirudishe."

Amevua kiatu kimoja. Cha pili nimekikaza mguuni kama mtoto mtundu. Havuti. Amekishika tu, anangoja, na huyo aliye tumboni amepiga teke gotini kwangu, akanyamaza, akapiga tena, kama mtu anayegonga ukuta kwa kijiko.

Nimelegeza mguu.