Tangawizi ya Bibi na Sharti la Kimya

Nilipokuwa na miaka tisa, kule kwetu Muleba, tangawizi ilikuwa na masharti. Siku hizi watu wananitumia ujumbe kwenye simu kila asubuhi: chai ya tangawizi inatibu hiki, inaondoa kile, kunywa vikombe viwili kabla ya kula. Nacheka peke yangu. Mimi tangawizi naijua jamani, naijua mpaka basi.

Bibi, mama yake baba, aliipanda mwisho wa kibanja, chini ya migomba, karibu na njia ya kwenda kanisani. Alitutibu nayo mafua na kichefuchefu, na sitamsingizia: ilisaidia. Ukinywa chai yake ya moto koo linalainika, jasho linakutoka, unalala vizuri. Lakini alikuwa na sharti lake. Anayetumwa kuchimba tangawizi ya mgonjwa asifungue mdomo mpaka imeingia kwenye sufuria. Akiongea na mtu, dawa imevunjika. Na dawa ikivunjika Bibi hakuirudia. Alisema hapo mkono wake umeishia, mgonjwa apelekwe kwa wenye sindano.

Mdogo wangu Deo alikuwa na miaka mitatu. Mtundu huyo, kitumbo mbele, ananifuata kila mahali kanishika sketi. Jumamosi moja aliamka na homa na kikohozi, na kufikia mchana kifua kilikuwa kinakoroma. Mama akatoa mbeleko. "Nampeleka zahanati," alisema. Lakini Baba alikuwa kisiwani kwenye dagaa, na asipokuwepo neno la Bibi ndilo lililokuwa la mwisho pale nyumbani.

"Subiri kwanza anywe dawa," Bibi akasema. "Koku, kimbia. Mdomo ufunge."

Nikachimba vizuri tu. Nageuka kurudi, Ta Projest huyo na baiskeli yake. Alikuwa katekista wetu, ndiye aliyetufundisha komunyo ya kwanza, na mtoto asiye na adabu alimfuta kwenye orodha bila hata kumwita mzazi. Zilibaki wiki mbili. Gauni langu jeupe lilikuwa limeshashonwa. Tena kwetu msichana kumpita mzee bila kupiga magoti ni aibu ya ukoo mzima. Nifanyeje? Nikapiga magoti, nikamsalimia Kihaya.

"Kasinge waitu."

"Kasinge, mwanangu. Nyumbani wazima?"

"Wazima, waitu."

Akaenda zake. Nikabaki pale chini na tangawizi mkononi, ina udongo bado.

Jikoni Bibi alinitazama usoni. "Umeongea na mtu?"

Nikatikisa kichwa. Niliogopa kofi, hakuna kingine.

"Basi dawa ni nzima," Bibi akamwambia Mama. "Kunja mbeleko yako. Tumwangalie mpaka kesho."

Deo akanywa, tena kwa furaha, maana Bibi alitia asali. Akatoka jasho, kikohozi kikapungua, akaomba ndizi mbivu. Alikula nusu, nusu akanipa mimi. Bibi akasema, "Mnaona?" Nikafikiri labda dawa haikunisikia.

Asubuhi mbavu zake zilikuwa zinaingia ndani kila akivuta pumzi. Mama alimbeba mgongoni akakimbia naye, mimi nyuma nimeshika kandambili zake. Zahanati muuguzi alimpokea kwa mikono miwili, akafanya alichoweza. Kisha akasema polepole, "Mama, mngemleta jana." Deo alifariki kabla kengele ya misa ya pili haijalia.

Komunyo niliipokea, na gauni lile jeupe nikalivaa. Kwenye kitubio nilimwambia padri kwamba nimeiba sukari.

Kwa miaka mingi niliamini niliivunja dawa nikamuua mdogo wangu. Nilipokua, nikasoma, nikaelewa kwamba tangawizi haijali nani kamsalimia nani, na kwamba nimonia haiondoki kwa chai. Ungedhani ningepumua. Wapi! Ndipo nilipoliona kosa lenyewe. Ningesema ukweli tu, Bibi angesema mkono wake umeishia, na Mama angeondoka na mbeleko yake mchana ule ule. Bibi alikufa bila kujua. Kila ninapoandaa chai ya tangawizi, na naiandaa mara nyingi kwa sababu Bukoba hii mvua haiishi, namwona Deo ananipa ile nusu ya ndizi.

Mwezi uliopita Mama alikuja kwangu Kagondo, mafua yamembana. Nikamtuma binti yangu kwa jirani akachimbe tangawizi, na tulipobaki wawili nikamwambia yote. Sijui kwa nini siku hiyo. Nililia vibaya.

Mama akasema, "Nilikuona."

"Uliniona?"

"Nilikuwa nimetoka mara moja kibanjani kukata majani ya mgomba. Nilikuona umepiga magoti, na sauti yako nikaisikia." Akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Nikaona nikisema, mama mkwe atakupiga. Nikajiambia dawa yenyewe ni chai tu, kesho nitampeleka. Wewe ulikuwa mtoto, Koku. Mtu mzima nilikuwa mimi."

Miaka yote hiyo tumekunywa chai ile ile, meza moja, kila mmoja na lake moyoni. Nilitaka kumwambia kwamba hakukosa. Maneno yakagoma, maana ndiyo niliyokuwa nayasubiri mimi mwenyewe tangu utoto. Nikamshika mkono tu.

Binti akaingia na tangawizi yake, anahema, maneno yamemjaa: kakutana na mwalimu wake, kamsalimia babu mwenye ng'ombe, wameongea weee mpaka nusura asahau alichotumwa. Akaona macho yetu, akanyamaza ghafla.

Mama akamvuta karibu, akampangusa udongo mikononi. "Usinyamaze, mjukuu wangu," akamwambia. "Na nani mwingine umemsalimia?"