Leso Moja na Shubiri

Pikapu ya marehemu baba ilikaa miaka mingi chini ya turubai katika gereji moja kule Kibarani, paka wakizalia kwenye kiti cha dereva. Mwaka jana mimi na kakangu tulikubaliana kuifufua. Namna ya kuifufua hatukukubaliana.

Mimi nilitaka irudi kama ilivyotoka kiwandani, na injini yake, taa zake za duara na rangi yake ya samawati. Kakangu huchukua matunda na mboga Marikiti akavipeleka hotelini, na alichotaka ni gari la kazi. Fundi alikuwa na pikapu nyingine, ya juzi juzi, iliyopondeka kichwa. Alipendekeza bodi ya baba ikalishwe juu ya fremu na ekseli za hiyo, pamoja na injini yake ya dizeli. "Spea utapata popote," alisema. "Za injini ya mzee, hata mitumba imekwisha."

Aliyengoja uamuzi huo kwa hamu kuliko sisi ni mama. Nyumbani kwetu Mji wa Kale ndiko yanakowekwa masufuria ya mtaa, yale makubwa ya kupikia biriani ya harusi na wali wa matanga. Baba alikuwa akiyapakia mlangoni petu na kuyarudisha hapo hapo. Tangu pikapu ilale, masufuria huburutwa kwenye kichochoro chetu mpaka barabarani, na kila shughuli hurudi na bonde jipya. Majirani walikuwa wameanza kusema, kwa adabu, kwamba afadhali yahamishiwe nyumba iliyo karibu na barabara. Mama aliyapokea kwa mama mkwe wake. Hakulalamika. Kila tulipotaja gari, aliuliza neno moja tu: "Itapita?"

"Itapita, mama," kakangu alimwambia siku moja tukila. Ekseli za fundi zilikuwa pana zaidi, lakini kakangu alikuwa amekwisha kupima kichochoro kwa utepe, ukuta hadi ukuta, penye kona iliyobana kabisa. Nafasi ilibaki.

Mama akarudisha tonge sahanini. "Ukuta hadi ukuta?"

"Ndiyo."

"Na baraza je? Gari lako lapanda baraza kama mbuzi?"

Ukizaliwa kwenye vichochoro vile, baraza ni kitako tu, mahali pa kukalia, na ukuta huanzia unapoegemeza mgongo. Wakati wa kupima, kakangu alikuwa ameketi pale pale barazani akishika utepe wake, nami nilishika ncha ya pili.

Baada ya alasiri mama alitoka na leso mpya ya kujitanda, jozi isiyokatwa bado, ameikunja nusu. Alitueleza kwamba baba hakuwahi kupima kwa kitu kingine. Upana wa pikapu ni leso moja, na kichochoro penye baraza ni leso moja na shubiri. Ndiyo maana aliichagua ile ndogo wenzake walipokuwa wakinunua kubwa. Mimi miaka yote nilidhani aliipenda sura yake.

Mwenye baraza, mzee wa Kihindi muuza vitambaa, alikuwa ameketi na kikombe chake cha chai. Alitutazama tukinyoosha leso mbele ya magoti yake.

"Jirani, wanipimia sanda?"

"Bado mapema. Inua miguu."

Leso iliishia karibu na ukuta wa pili. Mama akatanua kiganja chake, gumba hadi kidole cha mwisho, akakipachika kwenye nafasi iliyobaki, kikaenea sawasawa.

"Labda tuchonge baraza kidogo," kakangu alisema.

"Chonga makalio yangu kwanza," mzee akamjibu. "Hili lilikuwapo kabla ya babu yako. Chongeni gari."

Basi fremu na ekseli za fundi, zilizozidi hiyo shubiri, zikatoka kwenye hesabu. Ilibaki injini, na hapo nilijiona nimeshinda. Nikamuuliza mama, mbele ya kakangu, haoni heri tuiache ile ile ya baba?

"Injini si iko ndani?" alisema. "Itagusa ukuta?"

"Haitagusa."

"Basi wekeni itakayowaka."

Tuliafikiana hivyo. Fremu na ekseli zingebaki za baba, na ndani, kwa kuwa ile ya dizeli ilikuwa kubwa mno kwa fremu hiyo, fundi angetia injini ya petroli ya gari dogo la saluni, ambayo alisema ataibananisha. Nilibakia na taa za duara na samawati yangu.

Leso huuzwa kwa jozi. Mama aliikata ile jozi, akatukabidhi moja tumpelekee fundi iwe kipimo chake, asije akaongeza bampa ya mapambo. Nyingine aliitundika nyuma ya mlango, juu ya masufuria. Jioni hiyo mmoja wa majirani alipita kuulizia, kwa adabu kama kawaida, siku ya kuyahamisha.

"Hayahami," mama alimwambia. "Gari lakuja mlangoni."