Makarasha ya Kabla ya Uzio

Kwa miaka kumi na mmoja sikuchukua likizo hata mara moja, na kiwandani walinisifu kwa hilo. Siku moja ya Mei Mosi mwenye kiwanda alinisimamisha mbele ya wenzangu akasema, "Huyu dada mngemuiga." Wakanipigia makofi. Nilishika chupa yangu ya soda nikaangalia chini, wakadhani ni haya.

Sikuwa na haya. Nilikuwa na bati moja nililoliharibu.

Kiwanda kipo Shinyanga, mwendo mfupi kutoka mtaa wa Kambarage ninakopanga. Tunatengeneza makarasha, mashine za kusaga mawe ya dhahabu. Karasha ni pipa kubwa la chuma linalozunguka likiwa na gololi ndani, na ukuta wake wa ndani umevikwa sahani nene zilizofungwa kwa boliti, ili pipa lenyewe lisilike. Zinazolika ni sahani. Mtu akinunua karasha leo, sahani atazifuata kwetu miaka yote atakayosaga. Wateja wetu wengi wanatoka Katoro na machimbo mengine ya Geita.

Niliingia pale nikiwa na miaka kumi na saba. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla mwaka haujaisha, nikaacha shule kidato cha pili. Nyuma yangu walikuwepo wadogo wanne. Kazi niliyopewa ni kufagia vumbi la chuma. Aliyenitoa huko ni fundi mkuu, mzee wa Kisukuma asiyependa karatasi. Alinifundisha kutunza vigezo.

Kigezo ni bati lililokatwa kwa umbo la kipande fulani cha mashine na kutobolewa mahali pa matundu. Unalilaza juu ya chuma, unachora kwa chaki, unatoboa, unakata. Michoro ya karatasi ilikuwepo, imefungiwa kabatini ofisini, na sikuwahi kumwona fundi akiifuata. Vigezo vilitundikwa stoo kwenye misumari, na mimi ndiye niliyejua kipi ni cha nini.

Siku niliyoharibu, fundi mkuu alikuwa msibani Kahama. Nilisahau kigezo cha sahani kwenye meza ya kukatia, moto wa gesi ukala kona yenye matundu mawili. Ningeweza kwenda ofisini kuomba mchoro. Lakini wiki ileile mwenye kiwanda alikuwa amemfukuza mwenzetu kwa kuvunja drili, na mdogo wetu wa mwisho alikuwa bado hajaanza hata darasa la kwanza. Nikaenda kwenye rundo la vyuma chakavu, nikachukua sahani kuukuu iliyorudishwa na mteja, nikanakili matundu yake kwenye bati jipya.

Sikufikiria kwamba tundu la sahani iliyosaga mawe miaka miwili si lile lililotobolewa. Karasha likizunguka, sahani inavuta boliti, na tundu linarefuka upande mmoja. Mimi nilichukua katikati ya tundu lililorefuka. Nilikosea milimita sita.

Hakuna aliyegundua, kwa sababu kigezo hichohicho ndicho tulichotumia kutobolea pipa. Sahani na pipa vilikosea pamoja, kwa hiyo viliingiliana vizuri. Mimi niligundua miezi kadhaa baadaye, alipokuja mteja na pipa la karasha lake la zamani, na sahani mpya zikakataa kuingia. Nilikuwa peke yangu. Nikamwambia amepewa zisizo zake, nikapima, nikakata nyingine nikisogeza matundu milimita sita. Zikaingia.

Tangu hapo nikawa mfungwa wa milimita hizo. Kila mteja aliyekuja kuagiza sahani ilibidi apitie kwangu, nijue karasha lake ni la lini. Stakabadhi za zamani hazikuonyesha tarehe. Kwa bahati, mwezi ule nilioharibu ndio kiwanda kilipojengewa uzio wa matofali. Kwa hiyo kila mmoja nilimuuliza, "Baba, siku ulipokuja kuchukua karasha lako, ulipita getini au uliingia tu?"

Walicheka. "Geti lilitoka wapi enzi zile, binti? Mbuzi walikuwa wanaingia humu wanavyotaka!" Basi nilijua ni la kabla ya uzio, na matundu yake niliyachora kwa chaki mwenyewe, nikiyasogeza.

Malaria ikinishika nilikwenda nayo kazini. Mdogo wangu wa pili alipojifungua Geita, nilikwenda Jumapili asubuhi nikarudi Jumapili jioni, na hadi leo ananilaumu kwa hilo. Sikumweleza. Mtu mwingine angepokea oda moja tu nisipokuwepo, kila kitu kingekuwa wazi.

Kisha kompyuta ikaja. Mwenye kiwanda alimleta injinia kutoka Dar es Salaam, kijana mpole aliyejifunza kutuamkia kwa Kisukuma "mwangaluka" kwa lafudhi iliyofurahisha karakana nzima. Kazi yake ilikuwa kuingiza michoro yote kwenye kompyuta, kila kipande na namba yake, na kila karasha lililouzwa na ukurasa wake. Ilinunuliwa pia mashine ya kukata chuma inayoongozwa na kompyuta hiyo. Vigezo vilishushwa vyote kwenye misumari. Mimi nilisoma majina, yeye akapima na kulinganisha na michoro.

"Hili limepotoka, dada," alisema alipofika kwenye sahani. "Matundu mawili yako nje milimita sita."

Nilipangusa vumbi kwenye bati lililofuata.

"Limechoka tu. Mabati huchoka, mchoro hauchoki."

Fundi mkuu alikuwa mlangoni. "Injinia, nawe ukitundikwa msumarini miaka mingi kama hilo bati, utabaki umenyooka?"

Tukacheka wote. Nilikuwa na sentensi nzima mdomoni. Lakini wa nne wetu alikuwa chuo cha uuguzi na wa mwisho kidato cha nne, na wote wawili walikuwa wanaishi kwa kazi yangu. Nikasoma jina la kigezo kilichofuata. Injinia akaingiza vipimo vya mchoro, na Ijumaa mabati yakaondoka na gari la vyuma chakavu.

Vipimo vya mchoro vilikuwa sahihi. Ndilo lililonitesa. Sasa sahani zingekubali makarasha ya kabla ya uzio, na kukataa yote yaliyofuata, ambayo ndiyo mengi. Nilikaa hivyo wiki tatu. Asubuhi niliangalia sahani zikikatwa, safi, kingo zimenyooka kuliko tulivyowahi kukata sisi, na nilijua kwamba haziingii.

Aliyekuja alikuwa mama mmoja wa Katoro mwenye karasha lake mwenyewe. Alishuka kwenye bajaji na sahani moja, akaitupa chini mbele ya ofisi hadi watu wakatoka.

"Nani kanikatia sahani za karasha la jirani? Wachimbaji wamekaa juu ya mawe yao wananitazama mimi! Wengine mawe yao wameshampelekea mwenzangu ng'ambo ya barabara, naye ananichekea meno yote nje."

Mwenye kiwanda alimwita injinia. Injinia akafungua kompyuta, akapima sahani mbele ya wote. Ilikuwa sawasawa na mchoro.

"Basi pipa ndilo lililotobolewa vibaya," alisema mwenye kiwanda. Akamgeukia fundi mkuu. "Mapipa nani alitoboa?"

"Mimi, bosi."

"Unaona sasa."

"Bosi, nikosee mara moja, sawa. Lakini sahani zake za kwanza ziliingiaje?"

"Ndiyo maana nimeleta kompyuta, mzee. Nenda nyumbani. Tutakuita."

Fundi mkuu hakubishana. Alianza kufungua vifungo vya ovaroli yake palepale uani, taratibu, kuanzia juu. Alipofika cha tatu nikasema, "Si yeye. Ni mimi."

Nilieleza yote: moto wa gesi, sahani kuukuu, uzio. Nilipomaliza, wa kwanza kusema alikuwa mama wa Katoro. "Haya, tumekusikia. Sahani zangu napata lini?"

Fundi mkuu aliniangalia. "Kwa hiyo yale maswali yako ya geti..."

"Ndiyo, mzee."

"Na mimi nikajisifia kwa watu kwamba nimekufundisha kuongea na wateja." Akafunga vifungo vyake, akarudi karakana.

Mwenye kiwanda akamuuliza injinia, "Hiyo kompyuta inajua karasha lipi ni la lini?"

"Haijui, bosi. Hayajaandikwa popote."

"Nani anajua?"

Wote walikuwa wananitazama mimi.

Mkataba wangu ulikatishwa siku hiyohiyo. Kesho yake nilitakiwa kurudi kama kibarua, nikae na injinia, nimtajie kila karasha hadi yaishe. "Baada ya hapo tutaona," alisema mwenye kiwanda.

Mdogo wangu wa uuguzi alinipigia simu jioni. "Dada, usiwe mjinga. Watajie mawili kwa siku. Wakikumaliza kichwani watakuacha."

Alikuwa na akili kuliko mimi. Na siku ya tatu nilimsikiliza. Nilifika kwenye karasha moja la Katoro nikalipita, nikaendelea na linalofuata. Injinia hakujua, angejuaje? Mchana nilimpa kibarua mwenzangu ugali wangu. Sikuwa namwogopa mtu. Nilikuwa naona mwenye karasha lile akija siku moja, na mimi nikilazimika tena kumpokea kabla ya mwingine yeyote, tena bila likizo, tena na homa yangu. Saa tisa nilimwambia injinia, "Rudi nyuma. Kuna moja nimelisahau." Nikamtajia.

"Dada, una kichwa," alisema, huku akiandika.

Tulimaliza wiki ya pili. Aliponiuliza kama kuna lililobaki, nilisema hakuna, na ilikuwa kweli. Alikwenda ofisini kutoa taarifa. Nilikaa kwenye kiti kando ya kompyuta nikisubiri, mikono magotini, nikisikia mashine ikikata sahani za mtu ambaye hakuwa amepitia kwangu.

Mwenye kiwanda alitoka akiwa na simu sikioni. Alinipita, kisha akasimama.

"Endelea kuja," alisema.

"Kama nani, bosi?"

"Endelea kuja tu."

Nimeendelea. Kila asubuhi ninaandika jina langu kwenye daftari la vibarua. Namwamkia fundi mkuu shikamoo, anaitikia marahaba, na haongezi neno. Mdogo wangu wa uuguzi alipouliza bosi amesemaje, nilimwambia amesema niendelee. Akamshukuru Mungu kwa sauti, wenzake wa bwenini wakamsikia. Sikumweleza kwamba bosi hakusema hadi lini.